Nina miaka 55: niandike barua ya kustaafu sasa, au nisubiri 60?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Mbeya. Niliajiriwa mwanzoni mwa 1996, na mwaka huu nimetimiza miaka 55. Mshahara wangu ni shilingi 1,200,000 tangu nipande daraja mwaka jana. Kabla ya hapo ulikuwa 1,020,000, na mwaka uliotangulia 990,000. Benki bado wananidai kama milioni 9, makato yataisha 2028. Mtoto wa mwisho yuko kidato cha tano, na nyumba haijapauliwa. Kwenye magrupu yetu ya walimu kila siku ni kelele. Wengine wanataka serikali iwastaafishe wote waliofika 55 ili vijana wapate ajira. Wengine wanasema kikokotoo cha mafao kitashushwa tena, kwa hiyo anayeweza akimbie na chake mapema. Kijana wangu ananishauri nichukue kiinua mgongo tununue Noah ya abiria. Nami nimechoka kweli, darasa langu lina watoto 118. Niondoke au nivumilie? Na hao wanaotaka 55 iwe lazima, wana hoja?

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Nakujibu moja kwa moja kwa sababu najua barua yako umeshaanza kuiandika kichwani: usiipeleke mwaka huu. Subiri miaka miwili, kisha tuizungumze upya. Sikwambii uvumilie hadi 60 kwa lazima. Nakwambia miaka miwili inayokuja ndiyo yenye thamani kubwa kuliko mingine yote iliyobaki kwenye utumishi wako, na sababu yake imo kwenye ile mishahara mitatu uliyonitajia.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018, iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, inampa mtumishi wa kawaida haki ya kustaafu kwa hiari akifika 55, na inamtaka astaafu kwa lazima akifika 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wao wana 60 kwa hiari na 65 kwa lazima. Ili ulipwe pensheni unatakiwa uwe na michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Wewe una miezi 360, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuzuia kuondoka. Haki unayo. Ninachokuombea ni kwamba uitumie siku inayokufaa wewe, maana ukishastaafu hakuna kurudi.

Sasa hesabu. Kikokotoo kinachotumika tangu Julai 2022 kinachukua idadi ya miezi uliyochangia, kinaigawa kwa 580, kisha kinazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka. Hapo unapata pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja, huo ndio mkupuo. Sehemu iliyobaki inagawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi maisha yako yote. Watumishi waliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa asilimia 50, PSPF na LAPF, sasa wanalipwa asilimia 40. Wewe ukiwa mwalimu wa 1996 uliingia PSPF, basi 40 ndiyo yako.

Neno ambalo magrupu yenu hayalizungumzi ni hilo la "wastani". Mfuko hauchukui mshahara wako wa leo. Unachukua wastani wa miaka 3 iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho. Ukiondoka sasa, miaka yako 3 bora ni ule wa 1,200,000, ule wa 1,020,000 na ule wa 990,000. Wastani wake ni 1,070,000 kwa mwezi. Umepanda daraja, umefurahi, umekatwa kodi na michango kwa mshahara mpya, lakini pensheni yako itaiona theluthi tu ya furaha hiyo.

Ukiondoka sasa, basi: 1,070,000 mara 12 ni 12,840,000 kwa mwaka. Mara 360, gawa kwa 580, unapata 7,969,655. Mara 12.5 ni 99,620,690, na asilimia 40 yake ni mkupuo wa 39,848,276. Pensheni ya mwezi ni 398,483.

Ukiondoka ukiwa na miaka 57, hata kama mshahara hautaongezeka shilingi moja, miaka yako yote 3 bora itakuwa ya 1,200,000, na miezi itakuwa 384. Mkupuo unakuwa 47,668,966 na pensheni ya mwezi 476,690. Ukifika 60, kwa mshahara uleule na miezi 420, mkupuo ni 52,137,931 na pensheni ya mwezi 521,379.

Zitazame namba hizo vizuri. Miaka 2 ya kwanza inakuongezea mkupuo wa milioni 7.8 na pensheni ya 78,000 na ushee kila mwezi. Miaka 3 inayofuata inaongeza mkupuo wa milioni 4.5 tu, na kwa mwezi 45,000 hivi. Ndiyo maana sikusukumi hadi 60. Faida kubwa iko mbele yako karibu kabisa, ukishaivuka hesabu inatulia, na hapo uchovu wako una haki ya kuamua. Nami nimeiweka nyongeza ya mwaka kuwa sifuri makusudi ili nisikupambie. Nyongeza hizo zilirejeshwa 2023 baada ya kusimama miaka kadhaa, kwa hiyo hali halisi huenda ikawa nzuri kuliko nilivyoandika.

Nimeulizwa swali kama lako na watumishi wengi, na karibu wote huniandikia mshahara wa mwisho tu. Wanapopokea malipo wanasema wameibiwa. Wengi hawakuibiwa, waliondoka mwaka mmoja au miwili baada ya kupanda daraja. Naumia kila nikiona faili la namna hiyo, kwa sababu ilikuwa ni jambo la kusubiri tu.

Nije kwenye hofu kwamba kikokotoo kitashushwa. Hofu hiyo siidharau. Mwaka 2018, baada ya mifuko kuunganishwa, kanuni mpya zilitaka watumishi wote walipwe mkupuo wa asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na mifuko, akasitisha kanuni hizo na kuagiza vikokotoo vya zamani viendelee hadi 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha pamoja cha asilimia 33. Kwenu mliokuwa PSPF hilo lilikuwa anguko kutoka 50. Kisha bajeti ya 2024/2025 ikapandisha hadi 40 kwa kundi lenu, na 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25 zamani, na waliostaafu tangu Julai 2022 wakaingizwa kwenye nyongeza hiyo. Mtu aliyeondoka Juni 2022 kweli alibeba mkupuo mkubwa kuliko aliyeondoka Julai. Kwa hiyo wanaosema "kimbia" wana tukio halisi wanalolikumbuka.

Lakini tuipime hiyo hofu kwa namba zako. Chukulia mambo yaharibike, mwaka 2028 serikali iirudishe asilimia 33 siku moja kabla hujastaafu ukiwa na miaka 57. Mkupuo wako utakuwa 39,326,897. Ukiondoka leo kwa asilimia 40 ni 39,848,276. Tofauti ni kama laki 5 na elfu 21. Pensheni ya mwezi nayo itakuwa 532,303 badala ya 398,483, yaani 133,820 zaidi kila mwezi. Hiyo laki 5 inarudi kwa miezi 4. Na katikati hapo umelipwa mshahara wa miaka 2. Hata hali mbaya unayoiogopa haikufanyi ujute kusubiri, isipokuwa ingefikia asilimia 25 ile iliyokataliwa 2018, na hata hapo ungepoteza kwenye mkupuo na kupata kwenye mwezi. Kukimbia kwa sababu ya uvumi kunakugharimu zaidi ya uvumi wenyewe ukitimia.

Nisije nikaeleweka kwamba natetea mabadiliko ya 2022. Kikokotoo cha zamani cha PSPF kiligawa miezi kwa 540, kikatumia mshahara wa mwisho, kikazidisha kwa 15.5 na kulipa nusu kwa mkupuo. Kwa mshahara wako wa leo na miezi 360, ungepata milioni 74.4 mkononi na 400,000 kila mwezi. Mnapoambiwa kwamba mkupuo ulipunguzwa ili pensheni ya mwezi ikue, kwa mtu aliyepanda daraja karibuni kama wewe hilo si kweli: ukiondoka sasa, mkupuo umeshuka hadi chini ya milioni 40, na pensheni ya mwezi imebaki palepale, pungufu kidogo hata. Hasira ya walimu ina msingi wake kwenye hesabu, na viongozi wanaowajibu kwamba hawajaelewa wanawakosea heshima.

Upande wa pili nao una ukweli wake. PSPF ilianza 1999 ikiwa imebeba watumishi ambao miaka yao ya kabla ya hapo haikuwa na mchango wowote uliowekwa. Mwalimu aliyeanza 1975 na kustaafu 2010 alilipwa kwa miaka yote 35, huku mfuko ukiwa umepokea michango ya miaka 11. Serikali ilipaswa kuufidia mfuko na ikachelewa mno. Mwishoni mwa 2021 ndipo ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni hilo. Kwa maoni yangu mzigo huo ulitakiwa ubebwe na Hazina kwa miaka mingi, usihamishiwe kwa mstaafu mmoja mmoja kupitia kikokotoo. Lakini mfuko uliokuwa unaelekea kushindwa kulipa ulikuwa tatizo la kweli. Mnaodai 50 irudi, na mna haki ya kudai, mnapaswa kudai pamoja nayo kwamba serikali ilipe deni lake lote na ipeleke michango kwa wakati.

Hapo ndipo linaingia swali lako la pili, la wanaotaka 55 iwe lazima.

Uchungu wao ni wa haki. Kijana amemaliza chuo cha ualimu, amejitolea kufundisha shule ya kijijini bila malipo, kila tangazo la ajira anaomba na jina halitoki. Akiona mwalimu wa miaka 58 darasani, anadhani kiti chake ndicho kile. Siwezi kumlaumu. Ila kiti hakihami namna hiyo. Mwalimu akistaafu, nafasi yake haijazwi mpaka kitoke kibali cha ajira na fedha ziwepo kwenye bajeti ya mishahara. Halmashauri ngapi zina shule zilizopoteza walimu 2 au 3 kwa kustaafu na zikakaa muhula baada ya muhula bila mtu mpya? Wewe mwenyewe una watoto 118. Darasa lako halikujaa kwa sababu wazee wamekataa kuondoka. Limejaa kwa sababu walimu hawatoshi, wazee na vijana kwa pamoja. Nchi yenye madarasa ya namna hiyo inawahitaji wote wawili, kijana na mzee.

Kisha kuna mfuko. Kwa mshahara wako, kila mwezi PSSSF inapokea 240,000: asilimia 5 kutoka kwako na 15 kutoka kwa mwajiri. Ukistaafu leo, hizo 240,000 zinakatika na mfuko unaanza kukulipa 398,483. Kwa mtu mmoja tu ni tofauti ya zaidi ya 638,000 kila mwezi, achilia mbali mkupuo. Zidisha kwa kila mtumishi mwenye miaka 55 hadi 59 nchi nzima, wote waondoke kwa mpigo. Kijana anayeingia atachangia, lakini kwa mshahara wa kuanzia. Mfuko utayumba, na safari hii kikokotoo kitashuka kweli. Wanaoogopa kikokotoo kushuka na wanaotaka 55 iwe lazima mara nyingine ni watu walewale, kwenye grupu lilelile, bila kuona kwamba ombi la pili ndilo linaloleta hofu ya kwanza.

Majirani zetu wameshapita njia hizi. Kenya ilikuwa na 55 kama umri wa lazima, na mwaka 2009 ikaupandisha hadi 60. Tangu hapo, kila ukosefu wa ajira ukipamba moto, wapo wanaotaka urudi 55. Miaka ya 1990 Kenya pia iliwapa watumishi wake wa ngazi za chini mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, wakapewa kitita ili waondoke. Lengo lilikuwa kupunguza gharama za mishahara, si kuwapisha vijana. Sisi wenyewe tulikuwa na upunguzaji wa wafanyakazi miaka hiyohiyo, na wazee wetu wanakumbuka jinsi kitita kilivyoisha kabla ya mwaka kugeuka. Serikali inapowaondoa watu mapema ili kubana matumizi, haiwezi wakati huohuo kuajiri wengine kwa idadi ileile. Atakayekuahidi vyote viwili akuonyeshe fedha zimetoka wapi.

Hata hivyo wapo wanaotaka kinyume, kwamba haki ya kuondoka 55 ifutwe ili kuulinda mfuko. Nao siungani nao. Kazi hazifanani. Afisa anayekaa mezani anaweza kufika 60 akiwa mzima. Muuguzi wa wodi ya wazazi aliyesimama usiku kwa miaka 30, au mwalimu wa darasa la kwanza aliyepaza sauti juu ya watoto mia na kitu kila asubuhi, mwili wake umeshalipa. Kumwambia mtu huyo lazima amalize 60 ni ukatili, na watoto hawatapata mwalimu, watapata mtu aliyekaa mbele ya darasa. 55 ibaki kuwa hiari ya mtumishi, isiwe amri ya mtu mwingine.

Sasa nizungumzie uchovu wako, kwa sababu umeutaja mwishoni lakini nadhani ndio ulioandika barua yote. Kabla ya kustaafu, jaribu kubadilisha kazi ndani ya kazi. Zungumza na mwalimu mkuu akupunguzie vipindi vya madarasa ya chini, akupe masomo ya darasa la sita au la saba, au jukumu la malezi na ushauri kwa wanafunzi. Mwalimu wa miaka 30 kuomba hivyo si aibu. Chukua likizo yako ya mwaka yote na uende nayo nyumbani kweli, usibebe madaftari ya kusahihisha. Na kama uchovu huo una ugonjwa ndani yake, sauti inakatika, miguu inavimba, presha haishuki, nenda hospitali na ubaki na kumbukumbu za vipimo. Kustaafu kwa sababu za afya ni njia tofauti, hupitia bodi ya madaktari na ina masharti yake ya mafao. Nimeona watu wagonjwa kabisa wakiandika barua ya hiari kwa kuona njia ya afya ina usumbufu, wakapoteza walichostahili.

Kuhusu Noah, nitakueleza kama ndugu. Ukiondoka mwaka huu, kwenye milioni 39.8 benki itataka milioni 9 yake. Mkopo wa mtumishi umesimama juu ya mshahara, mshahara ukikoma salio lote linaweza kudaiwa kwa pamoja, hebu usome mkataba wako sehemu hiyo. Zinabaki kama milioni 30.8. Paua nyumba. Lipia mahitaji ya kidato cha tano na cha sita. Kitakachobaki ndicho mnataka kukipeleka kwenye gari lililotumika, lenye leseni ya LATRA, bima, matairi, faini za barabarani na dereva wa kuleta hesabu jioni. Hesabu ikija 3 kati ya siku 7 utamfanya nini, ukiwa huna mshahara wa kutengenezea gearbox? Simkatazi kijana wako biashara. Lakini biashara ya kwanza ya maisha isianze na fedha ya mwisho ya maisha. Akitaka kujaribu, aanze sasa, wewe ukiwa bado una mshahara, kwa mtaji mdogo ambao ukipotea mtalala na kuamka. Mwaka 2028 makato ya benki yatakuwa yamekwisha, mtoto atakuwa amemaliza kidato cha sita, na mkupuo utakuja ukiwa mzima.

Kuna walimu wanaoniambia wanautaka mkupuo mapema kwa sababu hawajui wataishi hadi lini. Naelewa. Ila pensheni ya mwezi ndiyo inayomlinda aliyeishi. Ukijaliwa kufika 80, mkupuo wa leo utakuwa umekwisha zamani, na tofauti ya 78,000 kwa mwezi kati ya kuondoka 55 na kuondoka 57 itakuwa imekulipa kwa zaidi ya miaka 20.

Wakati unasubiri, kuna kazi ya kufanya na ni ya mwaka huu. Nilipokuwa nafanya kazi ofisi ya utumishi ya halmashauri, faili zilizokwama hazikukwama kwa sababu ya kikokotoo, zilikwama kwa sababu ya karatasi. Nenda masjala ukafungue faili lako. Iwepo barua ya ajira ya kwanza, ya 1996, na barua ya kuthibitishwa kazini. Kwako hizo mbili ni dhahabu, kwa sababu miezi yako ya kabla ya Julai 1999 haina mchango kwenye kumbukumbu za PSPF. Inathibitishwa kwa barua hizo. Zikikosekana, unaweza kupunguziwa miezi zaidi ya 40. Ziwepo barua zote za kupandishwa daraja, hasa ya mwaka jana, maana ndiyo itakayobeba wastani wako. Kama kuna malimbikizo ya mshahara hujalipwa, yadai kwa maandishi sasa. Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ya ajira, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye kumbukumbu za mfuko. Kama umeolewa na ukabadili jina, au herufi moja imepishana, rekebisha ukiwa bado kazini, ofisi zinapokusikiliza.

Michango yako unaweza kuitazama kwenye programu ya PSSSF Kiganjani. Ipitie mwezi kwa mwezi, usitazame jumla tu. Ukikuta mwezi mtupu, toa nakala ya hati ya mshahara ya mwezi huo na uipeleke kwa afisa utumishi, barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Kuhusu bima ya afya, waulize NHIF wakati uleule: mstaafu na mwenza wake huendelea kuhudumiwa, lakini watoto hawamo, na wewe una mmoja anayekutegemea.

Utakapokaribia 57, utaratibu wako utaanzia kwa mwajiri na kupitia Tume ya Utumishi wa Walimu, inayotoa kibali cha kustaafu kwa walimu, kabla jalada halijafika PSSSF. Andika mapema. Na kuanzia siku jina lako litakapoingia kwenye orodha ya wanaostaafu, tarajia simu za matapeli wanaojiita maofisa wa mfuko, wakijua jina lako na namba yako ya hundi, wakitaka utume fedha kidogo ili mafao yaharakishwe. Mfuko haudai malipo kumlipa mwanachama wake. Kata simu na uende ofisini mwenyewe.

Kitu cha mwisho, kabla ya chochote: nenda ofisi ya PSSSF pale Mbeya, omba makadirio ya maandishi ya aina mbili, ukistaafu mwaka huu na ukistaafu 2028. Waambie waonyeshe idadi ya miezi waliyotumia, mishahara ya miaka 3 waliyochukua, asilimia ya mkupuo, punguzo lolote linalotokana na kuondoka kabla ya 60, na wategemezi wako watapata nini ukitangulia. Mimi hapo juu sikuingiza punguzo lolote, na miezi nimeihesabu kwa ulivyonieleza. Ukiipata karatasi hiyo, nitumie. Nitaanza kutazama kama wameandika 360 au pungufu, kisha nitatazama ile mishahara mitatu.